Matunguu Ishirini na Matatu ya Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota matunguu ya maua ya lili yametoka stoo na kupanga mstari mlangoni kwangu, yamenuna. Yalikuwa ishirini na matatu. Mama alinikabidhi kabla hajafariki, niyapande kaburini kwake mvua za vuli zikianza. Sasa vuli imebakiza wiki moja iishe. Kaka yangu Mbelwa alisema atakuja tusaidiane, nikawa namngoja.

Tunguu la mbele liliniuliza nilikuwa wapi siku zote. Nikasema namsubiri Mbelwa. Likasema Mbelwa halimjui.

Tukaenda kaburini, yenyewe yakitangulia. Nilipochimba kiasi cha kiganja, lile la mbele likanisimamisha. Kanuni ya kupanda ni shimo la kina mara tatu ya kimo, likasema, na kanuni haikutaja kimo cha nani. Likatoa futi ya fundi cherehani, likanipima mimi, kisigino hadi utosi.

Basi nachimba kwa hasira. Matunguu yamekaa ukingoni, mizizi inaning'inia, yananikosoa. Hapa pamepinda. Pale umeacha jiwe. Mara jembe linagonga sakafu, na niko jikoni kwa Mama, kule kijijini Soni. Anachambua mchicha. Hanitazami.

"Umechelewa," anasema.

Nikamwaga yote. Kwamba nilimuuguza miaka miwili peke yangu, Mbelwa akituma salamu. Kwamba kwenye matanga nilipika mimi, yeye akashukuru wageni.

"Mimi umeniachia kuku, kaburi na haya matunguu. Mbelwa ulimwachia nini, Mama?"

Akaweka mchicha chini.

"Mbelwa nilimwachia wewe."

Sijawahi kukasirika vile, nikiwa macho wala ndotoni. Nikageuka niondoke, lakini miguu haikunyanyuka. Matunguu yalishanifukia hadi magotini na yalikuwa yanashindilia udongo, taratibu, kama watu wanaoijua kazi yao. Mama akaniagiza nisimame wima, ncha iangalie juu. Nikamwambia sina ncha. Akasema itaota.

Kulipopambazuka nilimpigia Mbelwa. Akasema wiki hii ana harusi, labda ile nyingine. Nilikuwa nimekaa kitandani, simu bado sikioni, ndipo nikaona, kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, kimzizi cheupe, chembamba kama uzi.

Nikakivuta. Kiliuma.