Chai ya Kwenye Ua

Siku Mama Chapa alipostaafu kupiga chapa mahakamani, wenzake walimpa saa ya ukutani. Aliitundika jikoni, akaitazama siku mbili, siku ya tatu akatoka nje na jembe.

Miaka minne baadaye, wapita njia walikuwa wakisimama kuutazama uwanja wake, wengine kwa kupendezwa, wengine kwa kujiuliza kama mwenye nyumba yu mzima. Hakuwa na nyasi za kukata. Kila palipokuwa na udongo mtupu alitandaza majani makavu, na penye jua kali akaacha viazi vitamu vitambae vitakavyo. Maji ya bafuni aliyaongoza kwa kijifereji cha mawe hadi kwenye migomba mitatu nyuma ya choo. Maganda na mabaki ya jikoni yaliingia kwenye shimo la mboji. Chini ya pipa la maji ya mvua waliishi vyura, naye aliwahesabu kila asubuhi, kumi na mmoja, wakati mwingine kumi na wawili.

Upande wa pili wa ua wa mimea aliishi Bwana Futi, mpima ardhi mstaafu, mgane wa miaka sabini na mmoja, ambaye hata kitambaa cha meza hakukitandika bila kukipima. Yeye alikuwa na nyasi, tena nyasi za kuringia, fupi na sawasawa pembe hadi pembe. Kila Jumamosi alijitwika bomba la dawa mgongoni, akavaa miwani ya kuogelea, akawa anatembea taratibu akinyunyizia kila kijani ambacho hakikuzaliwa nyasi.

Tabu ni kwamba dawa haina adabu. Ilivuka ua. Kwanza viazi vya Mama Chapa vilivyokuwa karibu na mpaka vilijikunja. Kisha nyuki wakapotea. Asubuhi moja akahesabu vyura, akapata wanne, na wa tano alikuwa amelala chali.

Alikwenda kusema, kwa heshima zote, mara tatu.

"Jirani," Bwana Futi alimjibu kila mara, "dawa yangu inabaki kwangu. Nimepima upepo."

Ungedhani watu hao wawili hawasalimiani. Wapi! Kila siku saa kumi alasiri Bwana Futi alipiga hodi, akaketi kwenye benchi la Mama Chapa, na kunywa naye chai ya kijani. Mwanzoni aliidharau. Alisema ni maji yaliyooshewa mboga. Wiki ya pili akaomba kikombe cha pili. Mama Chapa hakuruhusu sukari iikaribie chai hiyo, kwa hiyo mzee alikuja na sukari yake kwenye mfuko wa shati, na kila mwenyeji alipoingia ndani kufuata birika, yeye alitia na kukoroga kwa kalamu ya risasi. Mama Chapa alijua. Siku nyingine alikawia jikoni makusudi ili ampe mtu wa watu nafasi.

Chai yenyewe aliitengeneza kwa mkono wake. Nyuma ya jiko, mbali na ua, alikuwa na vichaka sita vya mchai. Alichuma majani machanga mawili na chipukizi, akayapitisha kwenye chungu cha moto kabla hayajageuka rangi, akayasokota kwa viganja, akayakausha juu ya moto mdogo. Ua mzima uliowatenganisha yeye na Bwana Futi ulikuwa umeoteshwa kwa mbegu za mchai huo huo. Bwana Futi mwenyewe ndiye aliyevuta kamba siku ya kuupanda, bila malipo, kwa ujirani mwema. Ila mzee huyo alijua kamba, hakujua mimea. Kwake ua ulikuwa ua.

Basi alasiri moja, siku mbili baada ya kumzika yule chura wa tano, Bwana Futi alishusha kikombe, akalamba midomo.

"Jirani, hivi majani haya unanunua wapi?"

Mama Chapa alikuwa amepiga chapa ushahidi wa watu kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua kwamba uongo ulio bora hauna hata neno moja la uongo ndani yake.

"Kununua? Nachuma hapa hapa nyumbani."

"Hapa? Mti uko wapi?"

Mama Chapa alinywa funda moja, akaupeleka uso wake polepole hadi kwenye ua, akauacha huko.

"Unauona ule ua tuliopanda pamoja? Ule ni mchai."

Kikombe cha Bwana Futi kiliganda hewani.

"Ua upi?"

"Kwani tuna nyua ngapi?"

"Ule... ninapopulizia dawa?"

"Wewe si unapulizia nyasi zako, jirani? Si ulipima upepo?"

Mzee alikitazama kikombe. Alikuwa amekunywa viwili siku hiyo, na viwili jana, na miezi mitano ya kunywa kila siku ni vikombe vingi. Alisimama. Alisema amekumbuka ameacha maji jikoni yakichemka. Alitoka kwa hatua zake zile za kupima, moja, mbili, tatu, na alipofika langoni hatua zikawa mbio. Mama Chapa alicheka hadi akashika benchi.

Kicheko kilikwisha saa kumi na mbili, binti yake aliporudi kutoka kazini. Binti huyo alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya mtaa, na hata viatu hakuvua.

"Mama, umemfanya nini jirani?"

"Mimi? Nimempa chai."

"Amekuja zahanati amebeba chupa ya dawa ya magugu, anataka tumpime ulimi! Moyo wake mzima, presha yake nzuri kuliko yangu, lakini anasema miguu imeshaanza kufa ganzi. Nikimwambia uko sawa, ananiambia mimi ni mtoto, namficha. Mama, ule ua hujawahi kuuchuma hata siku moja!"

"Sikusema nimeuchuma. Nilisema ni mchai."

"Mama!"

"Kesho nitamwambia."

"Mzee wa watu ana miaka sabini na mmoja. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chochote."

Asubuhi Mama Chapa alikuta mlango wa jirani umerudishwa tu. Bwana Futi alikuwa kitandani, blanketi mbili hadi kidevuni, ndevu amenyoa, viatu vimepigwa rangi na kupangwa sambamba. Juu ya meza palikuwa na karatasi inayoeleza nani apewe nini. Aibu ilimshika Mama Chapa. Alivuta kiti.

"Jirani, nimekuja kukwambia jambo."

"Ngoja," alisema mzee kwa sauti nyembamba. "Nianze mimi. Nisije nikaenda nalo."

"Jirani, sikiliza kwanza..."

"Ule ua."

Mama Chapa akasogeza kiti karibu.

"Siku ile ya kuvuta kamba," Bwana Futi alisema akitazama dari, "niliisogeza. Upande wako."

Vidole vya Mama Chapa, vilivyokuwa vimetulia mapajani, vilianza kucheza vyenyewe kana kwamba mashine ya chapa iko mbele yake. Aliinamisha kichwa kwa huzuni ya heshima.

"Uliisogeza kiasi gani?"

"Sentimita arobaini na mbili."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi. Nilitaka nyasi zangu zikamilishe mraba."

"Na urefu wa ua?"

"Mita ishirini na sita." Hata kaburini asingeacha hesabu bila jibu. "Jumla mita za mraba kumi nukta tisa mbili. Nisamehe, jirani."

"Kuna lingine?"

"Na sukari. Nilikuwa natia sukari."

"Hiyo naijua." Mama Chapa alijinyoosha kwenye kiti. "Sasa zamu yangu. Chai yako yote imetoka nyuma ya jiko. Jani la ua hujawahi kulionja."

Blanketi ya kwanza ilishuka, kisha ya pili. Bwana Futi akaketi.

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa kama watu wote, lakini si kwa chai yangu."

"Basi maneno yangu nayafuta!"

"Ushahidi umeshatolewa, jirani. Haufutiki."

Hapo ndipo walipogombana ugomvi wao wa kwanza wa kweli, mzee akiitwa mwizi wa ardhi, Mama Chapa akiitwa mchawi wa birika, hadi Bwana Futi akagundua anapiga kelele akiwa na nguo za kulalia, akaomba dakika mbili za kuvaa suruali. Alipotoka amevaa, hasira za wote wawili zilikuwa zimepungua makali. Alikiri kwamba usiku, akisubiri miguu ife, alikuwa amewaza: kama dawa ile ilimtisha yeye mwenye kilo themanini, chura mwenye uzito wa kifungo cha koti ilimfanyaje?

Kuung'oa ua haikuwezekana, mizizi ilikuwa imeshashika. Mama Chapa alidai haki yake kwa njia nyingine. Bomba la dawa lilifunguliwa, likaoshwa mbali na maji ya watu, chupa zikapelekwa kwa bwana shamba azijue mwenyewe. Kisha katika upande wa Bwana Futi, sambamba na ua, ulichimbwa mtaro mpana wa kupokea maji ya mvua kutoka mapaa yote mawili, ukapandwa yungiyungi na mafunjo. Upana wake sentimita arobaini na mbili. Bwana Futi alishika futi, na Mama Chapa akashika futi yake mwenyewe, akapima nyuma yake.

Mvua ziliponyesha mtaro ulijaa, na baada ya wiki chache vyura walihamia huko kwa wingi, karibu kabisa na dirisha la chumba cha mzee. Alikuja kulalamika macho mekundu.

"Jirani, hawalali hawa!"

"Wako upande wako," alisema Mama Chapa. "Mimi sina mamlaka."

Nyasi za kuringia zilianza kuchanganyika na maua madogo ya njano, na Bwana Futi, baada ya kuyang'oa Jumamosi mbili kwa mkono na mgongo kumuuma, aliyaacha. Msimu uliofuata aliuchuma ua, upande wake, kwa idhini ya maandishi aliyopigiwa chapa, akajaribu kukaanga majani mwenyewe. Aliyaunguza. Moshi ulitoka dirishani mpaka binti muuguzi akakimbilia huko na ndoo.

Saa kumi alifika na birika lake, uso unang'aa, akammiminia jirani yake kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Chai ilikuwa nyeusi, inanuka sufuria.

"Onja," alisema, na akakaa karibu kabisa ili amwangalie vizuri akimeza.

Mama Chapa alimeza. Machozi yalimlengalenga.

"Nikuongeze?" aliuliza Bwana Futi, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshamimina.