Ndege wa Bawa Lililopinda

Glafira alikanda unga kwa maji na mafuta tu, bila yai wala maziwa, maana Kwaresima ilikuwa haijaisha. Akawafinyanga ndege mmoja mmoja mpaka wakatimia arobaini, kama siku ya Mashahidi Arobaini inavyotaka, akawatia macho ya zabibu kavu. Ndani ya mmoja alificha kijiti. Atakayeking'ata ndiye atakayepanda kilima cha juu ya mto kwa niaba ya kijiji kizima, amwite kipozamataza, ndege mwimbaji anayetangulia majira ya joto, arudi na joto lake, kwa shairi alilolitunga mwenyewe. Akimaliza kuimba, humkatia mwokaji kichwa cha ndege wake kuwa shukrani.

Bahati tu, watu walisema. Bahati gani? Ndege mwenye kijiti Glafira alikuwa akimpinda bawa la kushoto, kidogo tu, kiasi cha kuonwa na yeye peke yake. Miaka thelathini na moja alimpa amtakaye, na miaka yote hiyo wifi yake Kapitolina, mtunzi bora kuliko wote pale kijijini, alitafuna mkate mtupu.

Kisa chenyewe ni aibu kukisema. Mwaka alioolewa Glafira, Kapitolina alikipata kijiti, akasimama kilimani akaimba kwamba mke wa kaka yake ameoka ndege wazito, hata kunguru wameshindwa kuwabeba. Kijiji kilicheka wiki nzima. Bibi harusi naye alicheka, kwa meno. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Msimu huu wa baridi kiharusi kilimpiga Kapitolina, upande wa kulia wote ukalala. Kaka mtu alishakufa, kwa hiyo Glafira ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Siku moja, uji ukiwa mdomoni, mgonjwa akasema, "Wifi, nimeshajua. Mungu hayapendi mashairi yangu."

"Acha upuuzi. Meza."

"Mbona hajanipa kijiti tena tangu mwaka ulioolewa? Sijui nilimkosea nini."

Glafira alikirudisha kijiko bakulini. Tangu siku hiyo chakula hakikumpanda. Kila akimtazama yule mama akisogeza midomo, akipanga mishororo yake, alijiona mwizi.

Basi leo aliazimia kulipa. Majirani walipokaa mezani, alimwekea Kapitolina ndege wa bawa lililopinda. Kapitolina akamgeuzageuza kwa mkono mzima.

"Huyu bawa bovu," alisema. "Pacha wangu."

Watu wakacheka. Kisha akamsukumia Glafira sahani. "Tubadilishane, wifi. Unatuokea miaka yote, na wewe kijiti hujawahi kukipata. Mimi meno yenyewe matatu."

"Kula wako!"

"Sili. Kula wewe."

"Kuleni basi, ndege wanapoa!" alifoka mzee Terenti wa nyumba ya pili.

Macho yote yalikuwa kwake. Glafira akang'ata mkia, kijiti kikamchoma ufizi.

Meza nzima ilishangilia. Kapitolina, asiyeweza kupiga makofi, aligonga meza kwa kiganja kimoja. "Hewaa! Haya, vaa buti!"

"Sina shairi," alisema Glafira.

"Chukua langu. Nimelitunga msimu mzima. Likipanda bila mimi si kitu, mradi lipande."

Hapo Glafira alishindwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akakitema kijiti, akakiweka mbele ya wifi yake.

"Hiki ni chako. Kila mwaka nilijua kilipo. Nilikunyima kwa kusudi, kwa sababu ya wale kunguru wako."

Kapitolina alikichukua kijiti kwa mkono mzima, jicho moja likichuruzika kama lilivyozoea tangu augue.

"Miaka thelathini nilidhani ni Mungu," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Nisamehe."

"Yeye nitamwomba radhi jioni, nimemsingizia sana. Wewe ngoja kwanza. Nivalishe buti."

Walipanda kwa kukokotana, majirani na watoto nyuma yao. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu, na chini yao barafu ya mto ilikuwa ikipasuka kwa kishindo. Kileleni Glafira alimshika wifi yake kiuno kwa nyuma, akawasubiri wale kunguru wa wimbo. Afadhali aimbwe, achekwe, yaishe. Kapitolina akafungua mdomo uliopinda, taratibu:

"Kipozamataza rudi, ufunguo tutupie,
Lango hili la theluji, kwa bawa tufungulie,
Jembe limechoka ndani, shambani tulitumie,
Na mimi kikongwe hiki, sauti unisikie."

Kunguru hawakuja. Watoto waliitikia, wakarusha mikate yao juu, wakaiokota matopeni na kuila hivyo hivyo. Glafira alikuwa akilia, na hakuwa na mkono wa kufutia machozi.

Kapitolina akamtoa mfukoni yule ndege aliyeng'atwa mkia, akambana kifuani, akamkata kichwa. Glafira akaachia mkono mmoja, akakinga kiganja. Kichwa kikaingia mfukoni mwa koti la Kapitolina.

"Chako utakipata mwakani," alisema. "Nikiwepo."

Glafira hakuomba tena msamaha. Alimteremsha wifi yake hatua kwa hatua, na penye dimbwi alitangulia kuingia yeye, maji yakamjaa butini, ili mwenzake apite pakavu.