Kisogo cha Kiprop

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Kwetu Vihiga husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Lakini tangu mama mkwe wangu aje kutoka Ainabkoi kutusaidia na mtoto, nilikuwa nimejikaza wiki sita nzima. Hadi Alhamisi ile nilipotoka bafuni nikakuta Kiprop, mwanangu wa miezi mitatu, amelazwa kifudifudi, pua imezama kwenye shuka lililokunjwa.

Nilimnyakua kwa nguvu hadi akaamka akilia.

"Kogo!" nikafoka, maana ndivyo tunavyomwita nyanya hapa nyumbani. "Si nilisema alale chali?"

"Alale chali kichwa iharibike? Ona hii kisogo. Upande wa kulia imekuwa flat kama chapati. Mzee wangu alikuwa na kichwa imeviringana vizuri mpaka watu walikuwa wanaisifu kanisani."

Hapo ndipo penye mambo. Kiprop alipozaliwa, kina nyanya wa ukoo walitaja majina ya marehemu wao moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi ya Wakalenjin, na mtoto akapiga chafya walipofika kwa babu yake. Basi machoni pa Kogo huyu si mjukuu tu, ni mumewe amerudi. Na Mzee hawezi kurudi na kichwa cha upande mmoja! Tena yeye alilea watoto saba, wote aliwalaza kifudifudi, wote vichwa mviringo, na mmoja ni mwalimu mkuu. Utabishana naye vipi?

Hofu yangu ilikuwa moja. Jumatatu likizo ya uzazi ilikuwa inaisha, nirudi kazini kwenye duka la dawa za mifugo mjini, na Kogo ndiye angebaki na mtoto. Bila hakika kwamba atamlaza chali, singeenda. Kazi ningeiacha. Nilimwambia hivyo mume wangu, Kipkoech, naye akakuna kichwa chake cha mviringo, akajimiminia chai. Ungedhani ni mgeni aliyepita kunywa chai.

Ijumaa nikampeleka Kogo kliniki pamoja na mtoto. Nesi Wasike, kijana mpole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kulala ni chali, mchana na usiku," akasema. "Akilala kifudifudi anaweza kukosa hewa, na hana nguvu ya kujigeuza. Mto hapana, shuka ya kukunja pia hapana."

"Na kichwa?"

"Kichwa itarudi tu. Akiwa macho, mlaze kwa tumbo ukimwangalia, shingo ipate nguvu. Halafu chunguza, huwa anapenda kuangalia wapi?"

 Kogo akambeba mtoto, akanitangulia njia nzima hadi nyumbani kwetu, mtaa wa West Indies, nikajua nimemuudhi.

Jioni akaniita. "Kavetsa, kuja uone."

Alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, kulia kwa kitanda cha mtoto, akaimba polepole. Kiprop akageuza shingo kulia, akamchekea kwa ufizi mtupu. Kogo akahamishia kiti kushoto, akaimba tena. Kichwa kikamfuata.

"Ni mimi," akasema. "Wiki sita ananiangalia mimi tu. Hata Mzee alikuwa hivyo, lazima anitafute kwa macho." Alicheka hadi akajifuta machozi. Nilicheka naye, nikiona aibu kwa yale niliyokuwa nimemfikiria.

Kuanzia hapo kiti kilibadilisha upande kila siku. Mtoto akiamka, Kogo, na miaka yake sitini na minane, alilala kwa tumbo kwenye mkeka, wakatazamana ana kwa ana. "Inua kichwa, Mzee! Inua!" Kipkoech aliingia akawakuta hivyo, akadhani mama yake ameanguka.

Lakini kufuata maneno ya nesi mbele yangu ni kitu kimoja. Jumatatu mwili ulienda kazini, moyo ukabaki nyumbani. Saa ya chakula cha mchana nikatoka mbio kwenda kuhakikisha. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya jirani yetu, Mama Joy.

"Kogo, huyu mtoto mgeuze bwana, ataharibika kichwa. Hebu nikuonyeshe vile sisi hufanya."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Toa mkono!" Kogo alinguruma. "Hapa mtoto analala chali. Wale wangu saba niliwalaza kwa tumbo juu sikujua, ni Mungu tu alinisaidia. Huyu ameachiwa mimi, na mama yake amesema chali."

Mama yake amesema. Nilisimama pale nje nikilia kwa furaha, wapita njia wakinishangaa. Kisha nikaachilia kitasa. Nilirudi kazini bila kula, na mchana wote sikupiga simu nyumbani hata mara moja.