Kamera Namba Nne Katika Tumbaku ya Abuku

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, mtaa wa Mvara uliamka na manyunyu. Kufikia saa moja mvua ilikuwa imekatika, ukungu ukabaki umelala juu ya mabati ya shule. Emilia, mpiga picha, alisema huo ni mwanga mwema, kwa sababu haumsengenyi mtu usoni. Alisali akiwa amesimama, akatia filamu ya picha thelathini na sita ndani ya kamera, kisha akaifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Kamera ilikuwa nzito kama tofali bichi. Haikuwa na jina la kampuni popote. Chini yake palikuwa na namba 4 tu, imegongwa kwa msumari. Lenzi ilikuwa na nundu ubavuni, na ndani ya nundu mota ndogo na betri zake. Ukibonyeza kidogo, mota ililia kama nyuki ndani ya chupa, lenzi ikajizungusha yenyewe, ikatafuta, ikatulia. Fundi mgeni aliyemwachia kamera hiyo, baada ya Emilia kumuuguza malaria wiki mbili, alimweleza kwamba za namna hiyo zilitengenezwa saba tu, za majaribio, kabla kamera za kujilenga zenyewe hazijaingia madukani. Kiwanda kilitaka kamera inayolenga kilicho karibu. Hizo saba zililenga kilicho na haki ya kuonekana. Basi zikafungiwa kabatini, zikatengenezwa nyingine.

"Haina kasoro," fundi alisema. "Imezidi adabu tu."

Emilia alikuwa ameitumia miaka kumi na tisa na hajaichoka hata siku moja. Kwenye harusi ilimwacha bwana arusi na ukungu kidogo, ikamchonga shangazi aliyepika tangu alfajiri, hadi ungeweza kuhesabu matone ya jasho lake. Watu walinung'unika, kisha wakazitundika picha hizo sebuleni.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Abuku, upande wa Koboko, pamoja na mzee Draku na mwanawe Natale. Draku alikuwa amepita miaka themanini, na daktari alikwisha sema moyo wake hautafika Krismasi. Alibakiwa na haja moja: azikwe kando ya mkewe, Mindra, huko Abuku, katika shamba alilorithi kwa baba yake. Lakini familia ilipohamia Mvara miaka mingi iliyopita, hakuna aliyerudi kuyatengeneza makaburi kila kiangazi, nayo yalikuwa ya udongo mtupu. Jirani yao wa Abuku, Kamisi, aling'oa misalaba, akasawazisha, akapanda tumbaku. Na huko, kaburi ndilo hati ya shamba. Kamati ya ardhi ilimwambia Draku alete picha ya makaburi yake, ndipo isikilize neno lake.

"Makaburi yenyewe hayapo," Natale alisema njiani. "Tunakwenda kupiga picha ya tumbaku."

"Wewe vaa koti tu," Emilia alimjibu. "Kamera inajua kazi yake."

Kamisi aliwapokea vizuri. Alimletea mzee benchi na maji ya kunywa.

"Piga tu, mama. Tumbaku yangu iko safi."

Emilia aliwasimamisha baba na mwana ukingoni mwa shamba, hatua tatu mbele yake. Akabonyeza. Mota ikalia. Lenzi iliwapita wote wawili bila kusita, ikaenda hadi mstari wa kumi wa tumbaku, ikanyamaza hapo.

"Hii kamera iko na kichwa ngumu kama punda!" Kamisi alicheka. "Mutu iko hapa mbele, yeye naangalia majani."

"Iache ifanye kazi," Draku alisema.

Emilia alimaliza filamu yote. Mara thelathini na sita lenzi ilikwenda palepale.

Jioni ile aliisafisha filamu nyumbani kwake, akachapa picha nne kubwa. Ijumaa walirudi nazo Abuku, mbele ya kamati iliyoketi barazani. Picha zikapitishwa mkono kwa mkono. Draku na Natale walikuwa mabaka mawili ya moshi. Nyuma yao, katikati ya tumbaku, watu wanne walikuwa wameketi kwenye mkeka: Mindra akimenya karanga, Obitre baba yake Draku, na shangazi wawili, wote waliozikwa hapo. Walionekana wazi kabisa. Maganda ya karanga yalihesabika kiganjani mwa Mindra, na kola ya Obitre ilionyesha kila mshono wa kiraka.

Katibu alifuta miwani yake, akasema hajapata kuona picha safi namna hiyo, hata zile za Kampala.

"Huyu Obitre," mjumbe mmoja alisema, "bado iko na jembe yangu."

"Na Mindra amenenepa," katibu akasema. "Anakaa vizuri."

"Ule wembamba ulikuwa wa ugonjwa tu," Draku alieleza.

Kamisi aliitazama picha muda mrefu, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ni wao. Mimi naona wao kila asubuhi wakati ya kupalilia. Nazunguka mkeka yao."

Wajumbe walimsifu kwa ustaarabu huo.

Mwenyekiti akasimama kutoa uamuzi. Kamati iliomba picha ya makaburi. Hii ni picha ya watu. Mtu aliyeketi mkekani anaweza kuwa mgeni, na mgeni hathibitishi shamba. Isitoshe, tumbaku imeonekana waziwazi, jani kwa jani, na tumbaku ni ya Kamisi. Shamba litabaki kwake, na Draku hatazikwa humo. Mwenyekiti aliomba picha moja ibaki ofisini, itundikwe, kwa uzuri wake.

Natale aliinamisha kichwa. Emilia alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya kamera, akamwomba radhi kwa ajili ya kamati.

Draku alinyanyuka kwenye kiti chake, taratibu, bila kushikwa. Aliinua picha yake hadi usawa wa macho, kama shahidi anayeapa.

"Mwenyekiti, nanyi wajumbe, na wewe Kamisi, mnisikie wote. Mindra, mke wangu, hawa watanizika Mvara, nyuma ya nyumba ya mtoto. Wewe usihame hapo. Sogeza mkeka kidogo, Kamisi apalilie. Barabara ya Koboko mimi niliitembea kabla haijaona lami. Wakinizika Jumapili baada ya ibada, Jumanne asubuhi nimefika. Naahidi mbele ya watu hawa: nitakuja kwa miguu."