Friza ya Khadijah na Namba ya Volti

Ile Jumamosi Mzee Ogola alimpa Khadijah mpaka saa kumi jioni friza iwe imetoka kwa ploti. Kosa lilikuwa langu, lakini saa hiyo nilikuwa najua peke yangu.

Ploti yetu iko mtaa wa Migosi. Nyumba ni sita, mita ya stima ni moja. Kila Jumatatu kila nyumba inatoa pesa sawa, na Mzee Ogola, ambaye ndiye keateka, mwangalizi wa ploti, ananunua tokeni za stima na kuingiza. Zamani ilikuwa inatufikisha Jumapili. Siku hizi Jumatano tuko giza, tunachanga tena. Watu wakaanza kuangaliana vibaya, na macho yote yakaishia kwa mlango wa Khadijah, kwa sababu ni yeye tu ako na friza. Anagandisha maji kwa chupa na mikebe, halafu alfajiri anapelekea akina mama wa samaki kule ufuoni Dunga. Hana kazi nyingine. Friza ikitoka, kazi imetoka.

Sasa kosa langu. Wiki moja kabla ya hapo Mzee alinipata kwa mfereji nikifua. Mimi nilisoma fizikia chuo cha Maseno miaka mitatu nikaachia hapo, kwa hivyo hapa kwa ploti wananiita Injinia, na wakiniita wanacheka.

"Injinia," akasema, "mtu anajuaje kitu inakula stima ngapi?"

Ningemjibu vizuri. Lakini Mzee akiuliza kitu anaweka mikono nyuma kama amekuja kukagua shule, na mimi hapo huwa nashindwa kujizuia.

"Geuza hiyo kitu nyuma, Mzee. Kuna stika. Tafuta namba iko na V. Hiyo ndiyo inakula kwa siku."

Nilidhani atajua namcheza. Akaenda akanunua daftari.

Jumamosi saa sita akatuita wote chini ya mita, akavaa miwani, akasoma.

"Gordon. Laptopu kumi na tisa, simu tano. Jumla ishirini na nne."

Gordon akapiga saluti.

"Nakhungu. Redio kumi na mbili, simu tano. Kumi na saba. Kwangu, tivi kumi na mbili, simu mbili ni kumi. Ishirini na mbili. Balbu nimeacha, kila mtu ako nazo." Akafungua ukurasa mwingine. "Khadijah. Friza. Mia mbili na arobaini!"

"Yawa!" Nakhungu akashika kichwa. "Huyu anatumaliza!"

"Baba, friza yenyewe si kubwa," Khadijah akasema. "Haiwezi kula hivyo."

"Namba imeandikwa na kiwanda, mama. Si mimi. Saa kumi iwe imetoka."

Khadijah alikuwa ameshaizima friza tangu asubuhi kwa sababu ya maneno ya majirani. Akaingia ndani, akaanza kutoa chupa moja moja anaweka kwa beseni, na zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Hapo kicheko kikaniishia.

"Mzee," nikasema, "hiyo hesabu si ya kweli. Ni mimi nilikudanganya."

Khadijah akatoka na chupa mkononi.

"Ulimdanganya nini?"

"Hiyo namba ya V ni volti. Ni ile nguvu stima inasukumwa nayo, kama maji kutoka kwa tangi. Soketi zote hapa ni mia mbili na arobaini. Hizo kumi na mbili za Mzee ni adapta inapunguza tu. V haisemi kitu inakula ngapi. Inayosema ni W, wati. Wati elfu moja zikifanya kazi saa moja, hiyo sasa ndiyo yuniti moja ya tokeni."

"Omera, ndugu yangu," Gordon akasema, "kwa hivyo ulikuwa unacheka tu wiki nzima?"

"Wacha nipime. Zimeni kila kitu."

Mzee hakuwa anataka, lakini Khadijah alikuwa amesimama mbele yake na ile chupa inatiririka, akakubali. Watu wakaingia nyumbani kuzima. Kwa mita yetu kuna taa ndogo nyekundu, na imeandikwa kando kwamba ikiwaka mara elfu moja, yuniti moja imeenda. Tulipozima vyote ikanyamaza kabisa.

"Khadijah, washa friza peke yake."

Friza ikanguruma. Tukangoja. Taa ikawaka mara moja. Gordon akahesabu kwa simu, sekunde thelathini na sita ndio ikawaka tena.

"Imelala hiyo friza," Mzee akasema.

"Haijalala, Mzee, isikie. Hiyo ni mara mia moja kwa saa. Wati mia moja. Hata ikikimbia mchana na usiku bila kupumzika, haifiki yuniti mbili na nusu."

Hapo Perez, mke wa Mzee, akatokea kwa mlango na mwiko. "Mtawasha saa ngapi? Nyoyo yangu ya mahindi na maharagwe inaharibika. Hata maharagwe haijalainika."

Nikamgeukia. "Mama, hiyo nyoyo unapika na nini?"

"Na koili ya stima. Makaa imepanda bei, ni mwezi sasa."

Koili ilikuwa ile ya mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, sahani ya udongo na waya umejiviringa juu. Nikamwangalia Mzee.

"Hiyo niliigeuza pande zote," akasema. "Haina stika. Nikaandika sufuri."

"Khadijah, zima friza. Mama, washa koili peke yake."

Ile taa ikaanza kupepesa kama mtu ameingiwa na mchanga kwa jicho. Nakhungu akahesabu kwa sauti, Gordon akashika dakika. Ishirini na tano.

"Mara sitini," nikasema, "ni elfu moja na mia tano kwa saa. Yuniti moja na nusu. Nyoyo inachukua saa ngapi?"

"Tatu," Perez akasema polepole. "Kila siku."

"Nne na nusu kila siku. Karibu siku mbili za friza, kwa sufuria moja."

Nakhungu akageukia Khadijah, akaanza "Mama, mimi...", halafu akaona afadhali akamsaidie kurudisha chupa.

"Na wewe ndiye ulininunulia hii koili!" Perez akamwambia mumewe. "Ukasema ni ya bure!"

Mzee akavua miwani, akairudisha mfukoni. "Friza ibaki," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Khadijah, mama, nilikukosea."

"Wewe ulidanganywa, Baba." Khadijah akaniangalia mimi. "Barafu ya kesho itachelewa kuganda. Ile ya Jumatatu nitaipata. Mama Perez, leta sufuria. Niko na makaa ndani."

Akanitolea jiko nje ya mlango wake, akawasha, akaweka nyoyo juu, akanipa kipande cha katoni.

"Pepea."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka maharagwe ilainike."

Gordon akapita akielekea dukani. "Injinia! Hapo unatoa wati ngapi?"

Moshi ulikuwa mwingi, nikazidi kupepea. Mkono wa kulia ukachoka, nikatumia wa kushoto. Nyuma yangu friza ilikuwa inanguruma, na kila nikipunguza kupepea Khadijah alikuwa anakohoa kidogo kutoka ndani, kunikumbusha.