Ufa Ulioanzia Juu

Nimeuza mayai soko la Jericho miaka kumi na mmoja, na yai nalijua kuliko ninavyoijua Biblia. Likipasuka chini, pale linapokalia trei, limepigwa na shimo la barabara. Likipasuka ubavu wa mbele, mwendeshaji amefunga breki ghafla. Likipasuka ubavu wa kushoto au wa kulia, amekata kona kwa pupa. Lakini yai la trei ya juu kabisa, ambalo juu yake hakuna kitu ila kitambaa, haliwezi kupasuka utosini. Barabara haifiki huko.

Naandika haya ili mama mwingine mwenye kijana wa pikipiki asifanye nililolifanya mimi. Na kijana akisoma, naye ajue kwamba pikipiki kubwa si ile ndogo iliyonenepa.

Maingi ni kifungua mimba wangu. Mwaka wa sabini na tisa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, tarishi katika ofisi ya mawakili mjini, na ofisi ilimpa pikipiki ndogo ya kupelekea barua, yenye injini ya tisini. Jumamosi walimruhusu kuitumia, basi akawa ananiletea mayai kutoka Njiru, kwa mama mmoja anayefuga kuku. Nilikuwa na sanduku la mbao lenye vumbi la mbao chini, linaingia trei tatu, mayai tisini. Alilifunga nyuma kwa mpira.

Safari ya kwanza alivunja kumi na saba. Sikumgombeza. Nilimketisha kibarazani nikampa moja moja ashike. Nikamwambia, hili ni shimo ambalo hukuliona. Haya manne ya mbele ni breki, ulikuwa unawaza mambo mengine ukashtuka. Alicheka, akaniuliza kama nilikuwa nimekaa nyuma yake. Jumamosi iliyofuata alivunja kumi na moja, baadaye saba, baadaye matatu. Vijana wa estate wakamwita Mayai. Akipita walimpigia kelele, "Niaje, Mayai, umetaga ngapi leo?" Naye alijibu kwamba ametaga tisini na wao hata moja hawajataga.

Miezi minane ikapita hivyo. Halafu Ijumaa moja alirudi kazini, akasukuma sahani ya muthokoi kando kabla hajaonja. Akaniambia Mzee Kitonga anastaafu. Huyu Mzee Kitonga ndiye aliyekuwa akipeleka karatasi za korti Thika na Machakos kwa pikipiki kubwa ya ofisi, yenye injini ya mia tatu na hamsini. Mkubwa wa ofisi alikuwa amemuuliza Maingi kama anaiweza. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

"Na wewe ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema nitamuuliza mama."

Jibu hilo lilinifurahisha na kunitia baridi kwa wakati mmoja. Baba yake ni dereva wa lori la Mombasa, nyumbani huonekana mara mbili kwa mwezi, na alipofika Jumapili akasema neno lake la siku zote, kwamba mama akikubali yeye hana neno. Mzigo wote ukawa wangu.

Mlango unaotazamana na wetu ni wa Nduta, na mwanawe Kabiru hushinda hapo nje kwenye stuli akitengeneza redio. Ana mguu mmoja. Alikuwa na pikipiki ndogo miezi mitatu tu, akapata kubwa, na Jumapili ya kwanza ilimmaliza kwenye mzunguko wa barabara. Nilimwomba aongee na Maingi. Nilidhani atamtisha. Hakumtisha. Alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye redio, "Haikuniangusha. Ile ndogo ukitaka iondoke lazima uzungushe mkono mpaka mwisho, si ndiyo? Basi mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Nikaizungusha kubwa vilevile. Ikaenda, mimi nikabaki na fikira za ndogo."

Baadaye Maingi akaniambia kwamba Kabiru alikuwa na miezi mitatu na yeye ana minane, na si kitu kimoja. Ilikuwa kweli, na ukweli huo uliniudhi.

Usiku na mchana nilikuwa na Kabiru machoni. Nikiosha vyombo naona ule mguu. Mwishowe nikamwekea Maingi sharti. Jumamosi tatu mfululizo alete mayai kwa ile ndogo, tisini kila safari, bila ufa hata mmoja. Akiweza, nitamwambia ndiyo. Nilijua hawezi. Katika miezi minane hakuwahi hata mara moja.

Jumamosi ya kwanza, hakuna ufa.

Nilimulika kila yai kwenye jua nikitafuta. Hakuna. Nikajiambia ni bahati. Jumamosi ya pili mvua ilinyesha, barabara ya Njiru ikawa tope tupu, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa tope hilo. Alichelewa saa nzima. Alifika amelowa mpaka kifuani, akaweka sanduku mbele yangu, akasimama. Mayai tisini, mazima. Aliniambia alipita kila dimbwi kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nduta alikuwepo, akasema, "Mama Maingi, huyu sasa ni dereva." Nilitabasamu kwa meno tu.

Jumamosi ya tatu nilimsikia akizima injini tangu kwenye kona, akaacha pikipiki ije polepole yenyewe hadi mlangoni. Akaweka sanduku kibarazani, akaenda bombani kunawa vumbi. Nikafungua. Trei ya chini nzima. Ya katikati nzima. Ya juu nilipitisha mkono mara mbili. Nzima.

Nilimsikia bombani akipiga mluzi. Nikatazama ng'ambo, stuli ya Kabiru ilikuwa tupu, na magongo yake mawili yameegemea ukuta. Sijui niseme nini zaidi. Nilichukua yai la pembeni, nikalibonyeza utosini kwa ukucha wa kidole gumba. Lilitoa sauti ndogo kama ya mchwa. Nikalirudisha.

Alipokuja nikamwambia, "Moja."

Alilichukua. Aliligeuza chini akatazama, akaligeuza ubavu, kisha akatazama juu. Alikaa akitazama pale juu muda ambao mimi niliuona mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Sawa, mama," akasema. Akaliweka yai mahali pake taratibu, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata nilikuwa na amani ya mwizi ambaye hajakamatwa. Maingi alikwenda kazini, akarudi, akala, akasalimia. Ila alirudi kwa miguu. Alisema ile ndogo amepewa kijana mwingine, yeye amewekwa kazi ya ndani. Jumamosi nilikwenda Njiru mwenyewe kwa basi, sanduku mapajani, nikajiambia hii ndiyo bei ya kuwa na mtoto mzima.

Jumatatu nilikuwa nafua nguo zake. Suruali yake ya kazi, mguu wa kulia, upande wa ndani chini ya goti, ilikuwa imeungua. Doa la kahawia, kitambaa kimekauka kama karatasi. Pikipiki ndogo bomba lake la moshi liko chini karibu na kisigino, halifiki hapo. Nilikaa juu ya karai lililogeuzwa na ile suruali mkononi. Kwa hivyo anaiendesha. Anaiendesha, na haniambii.

Sasa nikajua nimepoteza nini. Zamani niliogopa nikiwa na macho. Kila Jumamosi mayai yaliniambia amelala vizuri au hakulala, ana haraka au hana, ameiona barabara au hakuiona. Sasa nilikuwa naogopa nikiwa kipofu, tena kipofu wa kujitoboa macho mwenyewe. Kila nikisikia mngurumo barabarani nilihesabu mpaka upotee. Nilikuwa napunja wateja na kuwazidishia bila kujua.

Alhamisi jioni nilifunga kibanda nikaenda Kariobangi kwa Mzee Kitonga. Nilimkuta uani akipaka mafuta mnyororo, na ile kubwa imesimama karibu na mlango, nyeusi, tangi lake pana kama mgongo wa ndama. Mwanangu alikuwa anaiacha hapo kila jioni, kisha anatembea nyumbani ili nisisikie.

Mzee alinipa kiti. Hakuzunguka. Alisema alikuwa na imani na Maingi, kwamba hajaona kijana mwenye mkono mwepesi kama wake juu ya ile ndogo. "Lakini hii, Mama Maingi, anaiendesha kama mtu aliyekosewa. Juzi amemkwaruza mwenye mkokoteni hapo sokoni, na bahati ni ya wote wawili. Nimemuuliza nani amekukosea, hajibu."

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza lile yai. Mzee wa watu aliweka kitambaa chake chini, akasema tu, "Aa," kama mtu aliyeonyeshwa mahali mafuta yanapovujia.

Jumamosi asubuhi nilirudi pale na sanduku tupu kichwani. Maingi alitoka amevaa helmeti, akaniona, akaivua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau.

"Lile yai nililipasua mimi," nikasema.

"Najua. Ufa ulianzia juu." Alitazama kando. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba mama yangu ni mwongo?"

Mzee Kitonga alijitia kukagua taa. Nilimwambia Maingi niliogopa, na bado naogopa, na sitaacha kuogopa, ila sitagusa tena kipimo chake. Halafu nikamwomba kitu kimoja. Aende Njiru na hiyo kubwa, na sanduku, arudi, tusome pamoja. Nami sitasema neno, mayai yaseme.

Nilidhani atakataa. Alilifunga sanduku, mpira mara mbili. Aliondoka na mruko mdogo, gurudumu la nyuma likatupa kokoto ukutani, na mimi nikashika kifua. Nilikaa kwenye kile kiti kwa muda wa saa moja na nusu. Mzee alinipa chai ikapoa. Aliniambia stori za Machakos ambazo sikuzisikia. Kila mngurumo uliopita nilisimama.

Aliporudi alifungua sanduku mwenyewe. Hakuniruhusu nisaidie. Aliyatoa moja moja, yale mazima huku, yale ya nyufa kule, na vidole vyake vikaanza kwenda polepole. Ishirini na sita. Karibu yote yamepasuka mbele, ya breki. Machache chini. Alichukua moja, akalitazama kama nilivyoyatazama mimi zamani kibarazani.

"Inafika kabla yangu," akasema. "Nikiona shimo, nimeshalipita. Nikitaka kupunguza, nimeshachelewa, nafunga breki yote."

Si mimi niliyesema, wala si Kabiru, wala si mzee. Alisema mwenyewe, na yai mkononi. Kisha akamgeukia Mzee Kitonga, akamuuliza kama atakuwa na nafasi asubuhi kabla ya kazi.

Jumatatu alimwambia mkubwa wake ukweli, kwamba hajaiweza. Nilidhani atafukuzwa. Mkubwa alinuna, akampa wiki sita, na karatasi za Thika zikawa zinakwenda kwa basi. Kila asubuhi kukipambazuka Mzee Kitonga alimpeleka kwenye uwanja wa wazi nyuma ya karakana. Kwanza kuondoka na kusimama tu, kuondoka na kusimama, mpaka mkono usahau tabia za ndogo. Kisha breki ya mbele na ya nyuma pamoja, kidogo kidogo. Barabara kubwa hakuigusa wiki tatu nzima, ila Jumamosi, Njiru, taratibu. Na alikuwa anairudisha nyumbani sasa, anaiegesha mbele ya mlango wangu. Kabiru alisogeza stuli yake karibu akawa anasikiliza injini kama anavyosikiliza redio.

Kumi na tisa. Kumi na mawili. Manane. Matano. Mawili. Niliyatangaza jinsi yalivyo, hata yale mawili, ambayo yalinichoma ulimi kwa uchache wake.

Jumamosi ya sita nilikata kucha zangu zote asubuhi kwa wembe. Nduta aliniuliza naenda arusini, nikamwambia siendi popote. Maingi alipofika akaweka sanduku kibarazani, safari hii hakwenda bombani. Alisimama pale pale na vumbi lake, mikono nyuma. Sikumlaumu.

Nilitoa trei ya chini, nikamulika yote kwenye jua. Nikatoa ya katikati. Ya juu ilinichukua muda, kwa sababu niliogopa nitapasua moja kwa bahati mbaya na hakuna mtu atakayeamini. Yai la mwisho, lile la pembeni, nililishika kwa viganja viwili. Lilikuwa na joto la jua. Nililigeuza chini, ubavu, juu.

Barabara ya Thika ina malori. Ina mvua, ina ng'ombe, ina madereva ambao hawajawahi kubeba yai maishani mwao. Yote hayo nilikuwa nayajua, na hakuna trei ya kuyapima.

"Hakuna hata moja," nikasema.

Maingi aliinama akalichukua lile yai kutoka viganjani mwangu, akalirudisha kwenye trei. Jumatatu aliondoka saa moja asubuhi na karatasi za Thika kifuani. Aliondoka bila mruko. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka mngurumo ukaisha, halafu nikasikiliza tena palipokuwa hakuna kitu.