Usisukume, Bibi

Mama mkwe wangu, Bi Radhia, alishuka kwenye bodaboda kutoka Ilongero akiwa na jogoo, mfuko wa uwele na uamuzi. Jogoo na mfuko alinikabidhi mlangoni. Uamuzi aliubakiza mpaka alipomwona mjukuu wake.

Binti yangu Mboni, ambaye hajafikisha hata miaka mitatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akijimiminia uji kutoka kwenye jagi dogo. Nusu uliingia kikombeni. Nusu ulikwenda unakotaka. Akachukua kitambaa, akafuta, akausambaza vizuri zaidi.

"Mbona humsaidii?" Bi Radhia akauliza.

"Hajaomba, mama."

"Hajaomba! Ulitaka aandike barua?"

Hayo Mboni aliyatoa kwa Mwalimu Agripina, mwenye kituo cha watoto hapa Mwankoko. Kwingine watoto wanaimbishwa herufi mpaka sauti zinakauka. Agripina anawafundisha kuvaa kandambili, kunawa, na kufunga komeo la choo wakiukuta mlango uko wazi, ili vifaranga wasitumbukie. Kwetu wazazi ana sheria moja: subiri. Mtoto akikwama, mwambie ajaribu kwanza mwenyewe. Mimi sikumpeleka kwa falsafa. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, nina kazi kwenye ghala la alizeti, na ghalani hakuna mahali pa kulaza mtoto.

"Nimesikia huko wanadeki na kuosha vikombe," Bi Radhia akaendelea. "Mnalipa ada ili mtoto akawe dada wa kazi? Kesho naondoka naye. Kwangu hatagusa hata kijiko. Nitamlisha kwa mkono wangu."

"Mama, alishaacha kulishwa."

"Ataanza tena."

Nilimtazama mume wangu. Abdillahi alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamchinja jogoo haraka haraka, kisha akakumbuka kwamba pikipiki inahitaji kujazwa upepo. Akatoka. Pikipiki akaiacha.

Nikakaa nyuma ya jiko nikimnyonyoa jogoo kwa hasira. Namjua Bi Radhia. Miraji, mtoto wa wifi yangu, alichukuliwa "kwa wiki mbili tu" akiwa hajaanza hata chekechea. Sasa yuko darasa la tatu, bado yuko Ilongero, na bado bibi yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Mboni akienda kesho, nitarudishiwa akiwa na ndevu.

Ndipo nikasikia mlango ukigongwa kwa ngumi.

"Nani kafunga? We! Nani kafunga huku?"

"Mimi, bibi."

Nilichungulia pembeni ya jiko. Choo chetu kiko nje, na kina komeo la nje, chini chini, kwa sababu bila hilo upepo wa Singida ungeubeba mlango mpaka Issuna. Bi Radhia amezoea kuuacha wazi kidogo apate mwanga. Mboni alipita, akauona uko wazi, akafanya alichofundishwa.

"Fungua, Mboni!"

"Jaribu kwanza mwenyewe, bibi."

Halafu mlango ukasukumwa kwa bega, mabati yakalia. Bi Radhia akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo siyaandiki hapa.

Ningeweza kwenda kufungua. Ni hatua chache tu. Nilisimama na manyoya yangu mikononi.

"Mjukuu wangu," sauti ikashuka, "bibi ameshindwa. Naomba unifungulie."

"Haya, bibi." Mboni akashika komeo kwa mikono miwili, akavuta. Halikwenda. Kule ndani Bi Radhia alikuwa bado anasukuma kwa nguvu zake zote, amelibana.

"Usisukume, bibi!"

"Nakusaidia!"

"Usisaidie! Subiri!"

Mlango ukatulia. Mboni akatoa ulimi nje, akavuta tena, na komeo likateleza.

Bi Radhia alitoka akijifunga kanga, jasho linamtiririka. Akaniona.

"Ulikuwa hapo muda wote?"

"Nimefika sasa hivi, mama," nilisema, na sijatubu mpaka leo.

Kabla hajanijibu, Mboni alishasimama kando ya ndoo na kikombe cha maji. "Mikono, bibi." Akanawa. Mboni akamwonyesha na sabuni.

Jioni Abdillahi alirudi, kwa miguu, tukakaa kula. Akajikohoza.

"Mama, sasa nguo za Mboni nizipange kwenye begi?"

"Za kwenda wapi?"

"Si Ilongero?"

Bi Radhia alimtazama Mboni, aliyekuwa anapambana na shingo ya kuku peke yake, mafuta mpaka kwenye nyusi. "Kwangu kuna stoo, kuna banda la mbuzi, kuna choo. Vyote vina makomeo nje. Huyu akinifungia huko nitatolewa na nani?"

"Si Miraji yupo?"

"Miraji!" Bi Radhia akaweka mfupa chini. "Miraji ataanzia wapi? Hajui kufungua hata shati lake."

Nikamwongezea paja.